Walinicheka Nikiwa Kaburini

Jina langu ni Mika. Ninasoma darasa la saba katika kijiji cha ujamaa kilicho karibu na Zombo, wilaya ya Kilosa. Wanaoniona huuliza: darasa la saba na ndevu hizo? Ndiyo. Ndevu ni zangu, darasa nalirudia, na sababu ya kulirudia ndiyo iliyonifanya niandike haya yasomwe mashuleni na vijijini. Mwalimu Mkuu amekubali niandike, kwa sharti kwamba nisimtaje. Kwa hiyo simtaji.

Kabla ya kuugua nilikuwa mzima kabisa, mzima wa kuudhi watu. Nilikuwa nakimbia mbio ndefu, nakula ugali wa watu wawili, na nilijua kuiga sauti ya kila mtu kijijini, kuanzia mwenyekiti mpaka jogoo wake. Tulikuwa tumehamia bondeni kutoka milimani wakati wa kuanzisha vijiji. Wazee walilalamika kwamba bondeni kuna joto na mbu. Mimi sikulalamika. Milimani nilikuwa nachekesha nyumba tatu, huku nikapata kijiji kizima.

Halafu kuna utani. Ukoo wetu na ukoo wa kina Rehema, msichana tuliyekaa naye darasa moja, ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyejua mambo haya: mtani anaweza kukuita fisi mbele ya wakwe zako, na ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Msiba ukitokea kwenye ukoo wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaochota maji, na tunaowachekesha waliofiwa mpaka wapate pumzi. Mtani huingia kaburini kabla marehemu hajateremshwa, akalala chali, akakataa kutoka. Hatoki mpaka wafiwa wampe haki yake.

Mtani mkuu wa ukoo wetu alikuwa Mjomba Elia, kaka yake Mama. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto, na Mjomba Elia aliniona mapema. Aliniambia, "Mpwa wangu, mimi magoti yamekwisha. Kuingia kaburini naweza, kutoka ndiyo kazi. Sasa utaingia wewe."

Zamani haki ya mtani ilikuwa kuku au jembe. Wakati wetu ikawa pombe. Nilikuwa darasa la tano nilipopewa kata yangu ya kwanza ya dengelua, ile pombe ya muwa. Watu wazima walinitazama nikinywa, nikakunja uso, wakacheka. Nikaona kumbe hata kukunja uso kunalipa. Msiba uliofuata nikapewa kata mbili. Kisha sikungoja msiba. Palikuwa na ngoma, palikuwa na harusi, palikuwa na watu wanaopumzika baada ya kulima, na kila mahali nilisikia, "Mpeni Mika kidogo atuchekeshe." Dengelua ilipoacha kunichangamsha nikaanza kutafuta moshi, yaani gongo, inayopikwa porini kwa kuogopa mgambo. Gongo haikunjishi uso tu. Inashuka kifuani kama kaa la moto, halafu dunia nzima inakuwa rafiki yako.

Nilipofika darasa la saba nilikuwa siwezi kwenda shule bila kunywa. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, lakini ndani hakukuwa na dawa ya kikohozi. Nisipokunywa asubuhi, mkono ulitetemeka hadi herufi zangu zikawa kama zimeandikwa juu ya trekta. Nilitapika nyongo, maji ya manjano, machungu. Midomo ilipasuka pembeni. Mkeka wangu nilikuwa naulowesha kama mtoto wa kubebwa, na nilikuwa nauanika kabla Mama hajaamka. Mama alipouona, alisema ni minyoo. Nilipewa dawa ya minyoo mpaka nadhani minyoo ya majirani nayo ilihama.

Mtu mmoja tu alikuwa ananiambia ukweli, naye ni Rehema. Tatizo ni kwamba alikuwa mtani wangu.

"We Mika, unanuka kama pipa," alisema siku moja darasani, mwalimu akiwepo.

"Nimeonja pombe ya mahari yako," nikamjibu. "Ni mbaya. Nimewaambia waongeze mbuzi."

"Utakufa, wewe mlevi. Nitakuja kwenu kula wali."

"Njoo na sahani, za kwetu hatuwaazimi nyani."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka, akajifuta macho kwa kifutio cha ubao, akabaki na chaki usoni. Rehema hakucheka. Lakini nani anamtazama usoni mtani anapotukana? Alilosema lilikuwa kweli tupu, na lilipita kama upepo kwa sababu lilitoka kwenye kinywa cha mtani.

Basi ikaja palizi. Shamba la kijiji lilikuwa limemezwa na magugu, watu wanakwenda kulima wakiwa wamelewa, wengine wanapalilia mahindi wanaacha nyasi. Mwenyekiti akaita mkutano.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna pombe kijiji hiki mpaka palizi iishe. Atakayepika, pipa lake tutalipasua. Na wale wa porini, mgambo wanawajua."

Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Mwenyekiti hakukosea, palizi ni palizi. Ila hakuna aliyejua, hata mimi sikujua, kwamba kuna mwili mle mkutanoni ambao pombe ikikatwa ghafla unaweza kufa.

Siku iliyofuata nilitetemeka mikono, miguu, hata ulimi. Jasho lilinitoka nikiwa nimekaa kivulini. Moyo ulidunda hadi nikauona ukiinua shati. Usingizi ulikataa. Kisha nikaanza kusikia ngoma inapigwa nyuma ya nyumba, nikienda kuchungulia, hakuna mtu. Nikamwendea Mama.

"Mama, naumwa."

"Unaumwa, au hutaki kupalilia?"

"Naumwa kweli, Mama."

"Jana uliumwa kwa sauti ya mwenyekiti. Leo unaumwa kwa sauti ya nani?"

Simlaumu. Nilikuwa nimemwigizia Mama kila ugonjwa unaojulikana wilayani. Nikaenda kwa Mjomba Elia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umelowa?"

"Mjomba, naona siafu. Wanatoka ukutani, wananipanda mikononi. Hawa hapa."

Mjomba alinitazama, akatazama mkono wangu usio na kitu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo nzuri, mpwa wangu. Hiyo itunze, usiitumie bure. Babu yake Rehema amezidiwa."

Na kweli, babu yake Rehema akafariki.

Tulichimba kaburi asubuhi. Nasema tulichimba, lakini mimi niliushikilia tu mpini wa jembe ili nisianguke. Watu walipokusanyika, mwili ukaletwa juu ya kitanda cha kamba, umefunikwa shuka jeupe. Mjomba akanikonyeza. Nikateremka kaburini, nikalala chali kama desturi.

Udongo ulikuwa mwekundu, wa baridi. Mbingu ilikuwa kipande chembamba, na pembeni mwake vichwa vya watu vinachungulia. Ndipo siafu wakaanza kutoka kwenye kuta za kaburi. Si wachache. Walimiminika kama mtama kwenye gunia lililopasuka, wakaingia masikioni, puani, chini ya kope.

Nikapiga kelele. "Nitoeni! Wananila! Jamani, nitoeni!"

Juu, kicheko. Mwanamke mmoja wa upande wa wafiwa akasema, "Kaa humo humo, umetupunguzia kazi!"

"Si ulikuwa unataka haki yako? Ndiyo hiyo!"

"Sogea ukutani, babu apate nafasi!"

Kilichofuata sikikumbuki. Nilielezwa baadaye na Rehema, na yeye hana kawaida ya kunipamba. Alisema macho yaligeuka yakabaki meupe. Mwili ulikakamaa kama ubao, halafu ukaanza kurukaruka, kisogo kikigonga udongo. Nilijikojolea. Nilijing'ata ulimi na povu likatoka na damu. Na watu, alisema, walikuwa wanashangilia. Mzee mmoja alipiga kofi paja lake akasema kijana safari hii ameupita ufundi wa mjomba wake.

Rehema aliiona damu. Akapaza sauti, "Jamani, hatanii! Mika hatanii!"

Wakacheka zaidi. Naye si mtani? Mtani akisema hatanii, huo nao ni utani. Mjomba Elia mwenyewe alimjibu, "Mwacheni mchumba alie!"

Hapo Rehema akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulifanya msibani. Ukoo wao humsalimu Mjomba Elia kwa kumwuliza, "Hujafa tu wewe?" Ndivyo alivyosalimiwa nao tangu ujana wake. Rehema alimwendea, akapiga magoti yote mawili kwenye udongo uliochimbwa, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtoto anayesalimia mkubwa wake:

"Shikamoo, Mjomba."

Kicheko kilikatika. Mjomba hakuitikia marahaba. Alimtazama yule msichana aliyepiga magoti, akatazama shimoni, na magoti yake yale yaliyokwisha yakaruka ndani ya kaburi.

Walinitoa. Hapakuwa na machela, na gari la karibu lilikuwa lori la kijiji lililokuwa upande wa pili wa shamba. Basi wakamhamishia babu yake Rehema juu ya mkeka, wakaniweka mimi kwenye kitanda chake. Nadhani ni mimi peke yangu wilaya nzima niliyempora maiti kitanda. Ukoo wa Rehema wananidai kitanda hicho mpaka leo, kila tunapokutana.

Hospitalini Kilosa walinifunga mikono kwa kanga kwenye kitanda cha chuma, maana nilikuwa nampiga kila anayenisogelea. Kwenye boriti za paa niliona mbuzi wamekaa, wananihutubia kwa sauti ya mwenyekiti. Sitaki mcheke sana hapo. Nilikuwa naogopa hadi meno yanauma.

Daktari alimwuliza Mama, "Kijana anakunywa pombe?"

"Mtoto huyu? Hapana, daktari. Anaonjeshwa tu misibani."

"Misibani mara ngapi?"

Mjomba Elia akajibu kutoka mlangoni, kofia mkononi. "Kila siku, daktari. Misiba ikikosekana, tunampa hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeanza kumpa." Halafu akauliza lililokuwa linamsumbua. "Amerogwa?"

"Hajarogwa," daktari akasema. "Na hakuwa anafanya ukorofi. Pombe imekuwa kama breki kwenye ubongo wake. Ubongo nao, ili utembee, umezoea kukanyaga mafuta hadi mwisho. Mmekata breki kwa siku moja. Gari linakimbia lenyewe. Wengine hufa namna hii. Huu ni ugonjwa, mzee, na tunautibu."

Nilichomwa sindano za usingizi, nikatundikiwa maji, nikachomwa sindano za vitamini hadi nikawa nakaa kwa upande mmoja. Siku siafu walipoondoka, nilijua kwa sababu niliutazama ukuta kwa muda mrefu na ukuta ukabaki kuwa ukuta. Nikaomba uji. Sista wa wodi, Sista Anjela, ambaye kazi yake ni wagonjwa wa akili, alinishikia bakuli, maana mikono ilikuwa bado haijaniamini.

Mngependa niishie hapo, na mimi ningependa. Lakini mwili ulirudi nyumbani kabla yangu. Nilikaa uani siku nzima bila neno. Chakula hakikuwa na ladha. Watu walikuja, wakasimama, wakangoja niseme kitu cha kuchekesha, nami sikuwa nacho. Nikadhani kumbe mwenye vichekesho alikuwa ni ile chupa, na mimi nilikuwa mfuniko tu. Nilianza kuwaza kwamba ingekuwa afadhali wangefukia lile kaburi nikiwa ndani. Hilo nililisema kwa sauti, mbele ya Sista Anjela, alipokuja kututembelea kwa baiskeli. Hakushtuka. Alimwambia Mama nisiachwe peke yangu, na kila alipofika aliniuliza tena moja kwa moja, bila kuzungukazunguka: "Bado unawaza kufa?" Ajabu ni kwamba kuulizwa hivyo kulinipunguzia mzigo. Hata huzuni ile ilikuwa na dawa yake, na sehemu kubwa ya dawa ilikuwa ni mtu kuja, akakaa.

Palizi ikaisha, pombe ikarudi, na mimi nikanywa. Kata moja, nyuma ya jiko la jirani. Nilimweleza Sista nikiwa nimetazama chini, nikingoja matusi.

"Umeniambia mwenyewe," akasema. "Mwaka jana ungeniambia?"

"Mwaka jana ningekuuzia na wewe kata moja."

Akacheka. Mimi nikashangaa. Nilikuwa nimechekesha mtu, na nilikuwa na maji tu tumboni.

Tangu hapo sijanywa. Rehema alinilinda kwa njia yake. Kila mara mtu aliponinyooshea kata, Rehema alikuwa anatokea sijui wapi na kusema, "Mpe, mpe, kitanda cha babu bado kipo." Mjomba Elia naye aliwakusanya wazee wa koo zote mbili wakakubaliana kwamba haki ya mtani iwe kuku tena. Wazee wachache walinung'unika. Mjomba akawaambia anayenung'unika aje yeye alale shimoni.

Siku hizi, shule zikifungwa, nafuatana na Sista Anjela na wenzake wanaozunguka mkoa wa Morogoro kuwaeleza watu kuhusu ugonjwa wa akili na ugonjwa wa pombe. Tumefika Magole, tumefika Kilangali, tumelala kwenye madarasa na kuumwa na viroboto wa kila tarafa. Sista anaeleza dalili, mimi naeleza siafu. Viongozi wengine hutukaribisha vizuri. Mwenyekiti mmoja alinikatiza: "Kijana, unataka niruhusu pombe wakati wa kilimo?"

"Hapana, ndugu mwenyekiti. Piga marufuku. Ila kabla ya kupasua mapipa, waambie watu wa zahanati, na waambie wananchi kwamba mnywaji wa kila siku asiiache pombe ghafla akiwa peke yake. Akitetemeka, akiona visivyokuwepo, apelekwe hospitali haraka. Mwili wake haugomi palizi."

Alifikiri, akasema atalitangaza. Nasikia alilitangaza.

Nawashukuru walionitibu. Namshukuru Mama, ambaye sasa nikisema kichwa kinauma ananigusa paji la uso kwanza, kisha ndipo ananitukana. Namshukuru Mjomba. Rehema simshukuru, maana akisoma hapa atavimba kichwa. Na wewe unayesoma ukiwa na chupa yako ya dawa ya kikohozi, mwambie mtu mmoja. Asipoamini, mwambie wa pili. Na wewe unayeambiwa, hata kama aliyekuambia ni mwongo maarufu, mtazame mikono kabla hujamcheka.

Niwaeleze la Mikumi nimalize. Tulifanya mkutano karibu na barabara kuu, yanapopumzika malori kabla ya kukatiza mbuga ya wanyama. Mikumi sina mtani hata mmoja, kwa hiyo niliogopa. Lakini nilipofika kwenye kisa cha kaburi walicheka vizuri, nami nikaendelea. Nilipomaliza, akasimama fundi wa matairi, Bwana Salehe, mtu mzima mwenye mikono iliyopasuka. Akasema, "Mimi naona panya."

Watu wakalipuka kwa kicheko. "Salehe, panya wako au wa godauni?" Mimi mwenyewe nilikuwa na neno tayari ulimini, na lilikuwa zuri, wallahi lilikuwa zuri sana. Nikalimeza.

"Tangu lini, kaka?" nikamwuliza.

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Tangu jana. Nimeacha pombe mwenyewe. Mke wangu amejifungua, nikasema huyu mtoto asinione nimelewa."

Sista Anjela alikuwa ameshasimama. Tulimpakia kwenye gari la afya, tukaondoka kwenda Kilosa na jua likiwa bado juu. Alikaa nyuma na mimi. Nilimshika mkono, nao ulikuwa unaruka kama samaki. Alifumba macho kwa nguvu, kisha akafumbua kidogo, akatazama nje ya dirisha, akanong'ona kwa woga.

"Kijana, wale tembo. Ni wa kweli?"

Nikatazama. Walikuwa wanavuka nyasi taratibu, mkubwa mbele, mdogo katikati.

"Wa kweli, kaka," nikamwambia. "Hata mimi nawaona."